Kuanguka Mbele ya Baba Mkwe

Ilomba, Mbeya

Mama yangu,

Shikamoo. Kile kifua kimepoa, au bado kinakusumbua alfajiri? Na maji ya mfereji yamefika kwenye jaruba zetu, au mnagombania zamu kama mwaka jana? Mimi mzima, Shangazi mzima, ila baridi ya huku inanivalisha sweta mbili mpaka darasani wananiita Godoro.

Juzi uliniuliza kwa simu hao watu wanaorukaruka nyuma ya nyumba ya Shangazi ni watu gani, nikakujibu “wasanii” tu. Unajua maneno yanavyoniishia kwenye simu. Ngoja nikueleze kwa kalamu.

Ni kikundi kidogo cha maigizo, ila hawasemi hata neno moja. Hadithi yote wanaisimulia kwa mwili. Walikianzisha watu wawili: Mzee Asajile, Mnyakyusa aliyekuwa mwalimu wa michezo, na Bi Zuhura, ambaye kwao Iringa wanauza vitambaa. Mazoezi wanafanyia kwenye ghala tupu la mahindi. Nilikuwa nakaa dirishani na kitabu nikiwachungulia, mpaka Bi Zuhura akaniita, “We mtoto, ukurasa huo unausoma tangu jana. Ingia ndani!”

Igizo lao kubwa lina mwanamke anayepanda juu ya meza, anafumba macho, anajiachia kinyumenyume. Mzee Asajile humdaka. Anayeanguka ni Dada Atupele, na hakuna anayemfikia. Nilimuuliza kama haogopi. Akasema, “Nikianza kuwaza mikono yake iko wapi, ndipo nitakapoumia.”

Sasa sikiliza, Mama. Mwezi uliopita Atupele aliposwa na Ipyana, fundi wa kuchomelea, mtoto wa Mzee Asajile huyohuyo. Tulipiga vigelegele. Lakini mazoezi yaliyofuata, Mzee alipoingia ghalani, Atupele alijitanda kanga hadi usoni akatoka mbio kwa mlango wa nyuma. Nilidhani wamegombana, nikamfuata.

“Dada Atu, amekukosea nini?”

“Hajanikosea. Amekuwa baba mkwe wangu. Kwetu mkamwana hakutani na baba mkwe. Hasemi naye, hamtazami, hamgusi.”

“Lakini siku hizi si watu…”

“Wengi wameacha. Bibi yangu hajaacha, na ndiye aliyenilea. Nikiivunja mila hii, haji harusini. Na mimi mwenyewe naipenda, Kabula. Ni heshima, siyo chuki.”

“Na kuanguka je?”

Hapo akalia. Onyesho la Iringa lilikuwa limekaribia. Akishika heshima, anaiacha kazi anayoipenda kuliko zote. Akishika kazi, anaolewa bila bibi yake.

Ndani napo hapakukalika. Mzee Asajile alisema, “Basi nitoke mimi.”

“Utoke uende wapi, na kikundi ni chako?” Bi Zuhura akafoka. “Miaka yote tunafundishana kubebana, leo mnakimbiana!”

Kijana mmoja akasema, “Ipyana amuoe Bi Zuhura, Atu abaki na kazi yake.” Bi Zuhura peke yake ndiye aliyecheka.

Tukaendelea kwa shida. Atupele akiingia, Mzee anatazama ukuta. Mzee akigeuka, sisi wengine tunasogea katikati kumkinga Atupele, bila mtu kutuambia. Akienda kushoto, nasi kushoto. Siku moja Bi Zuhura akapiga makofi. “Simameni hapo! Rudieni hivyohivyo mlivyofanya.” Tukarudia. Akakaa chini sakafuni, akasema hilo ndilo litakuwa igizo letu: watu wawili wa nyumba moja wanaoheshimiana bila kukutana, na watu wengine katikati yao kama ukuta unaotembea. Bila mimi ukuta ulipungua mtu mmoja. Nikawekwa mimi, Mama, mimi ninayeogopa hata kujibu swali darasani.

Bibi wa Atupele aliletwa kutazama. Alikaa amekunja mikono mpaka mwisho, akasema, “Hajamgusa, hajamtazama. Mengine ni michezo yenu.” Atupele alipiga magoti, kanga yake ikalowa machozi.

Iringa ukumbi ulijaa. Mzee alisimama mbele, ameipa meza mgongo. Atupele akapanda, akafumba macho, akajiachia, tukampokea sisi kwenye mikono yetu. Na papo hapo Mzee, bila kugeuka, akakunja magoti kama mtu aliyepokea mzigo. Mama mmoja kwenye viti akapiga yowe. Baadaye nilimuuliza Mzee alijuaje. “Nasikia anavyovuta pumzi,” akasema.

Tukirudi, basi lilisimama Makambako. Mzee, aliyekaa mbele kabisa, alinunua mahindi ya kuchoma, akanyoosha moja nyuma ya bega lake. Tukalipitisha mkono kwa mkono hadi kiti cha nyuma kwa Atupele. Akaninong’oneza, “Mwambie baba ndaga,” yaani asante. Nikasimama katikati ya abiria wote nikasema kwa sauti, “Baba, mkamwana wako anasema ndaga!” Basi zima likacheka. Mzee hakugeuka. Aliinua mkono tu.

Nina swali, Mama, tangu siku hiyo. Bibi, mama yako, anapotutembelea, Baba humsalimia kutoka zizini, na chakula chake anakwenda kula kwa jirani. Miaka yote nilijua hawapatani. Nikawa nawaonea huruma wote wawili. Je, ndivyo kwetu Wasukuma nasi? Kama ndivyo, basi nimewaona wakipendana tangu nikiwa mdogo na sikujua ninachotazama.

Msalimie Masanja, kaka yangu mchunga ng’ombe, na mama mdogo wa ng’ambo ya mfereji. Msalimie sana Bibi. Akishapokea salamu, naye akiwa na neno la kumwambia Baba, lisikae: lichukue wewe ulifikishe zizini, mpaka nitakaporudi likizo nikupokee kazi hiyo.

Ni mimi binti yako,
Kabula