Mama Nyambura Hakusema Hivyo

Mama,

Jumamosi iliyopita kijana wako Njoroge alikusemesha jambo ambalo hukuwahi kulisema. Alikusemesha kwa sauti yako mwenyewe, ndani ya sebule yako huko Mau Narok, watu wakiwa wamekalia viti vyako na kunywa chai kwa vikombe vyako. Nimekasirika tangu siku hiyo. Leo nimewapa kidato cha pili insha ambayo hawakuitarajia, nami nimekaa hapa shuleni Njoro nakuandikia kwenye karatasi za mtihani. Usinicheke. Wewe ulikuwa ukikasirika unachukua jembe na kwenda kulima. Mimi hapa sina shamba, nina kalamu nyekundu tu.

Kwanza habari za nyumbani, maana najua ungeuliza kuku kabla ya kuuliza watu. Yule mwekundu bado anatagia ndani ya gambuti lako la mvua, lile la kushoto, na mdogo wangu Wambui amekataa katakata liondolewe hapo mlangoni. Viazi ulivyopanda wiki yako ya mwisho vimevunwa. Wambui alivivuna karibu peke yake, mvua ikimnyeshea, watoto wake wawili wakimshikia gunia. Yeye bado yuko kwenye kile chumba ulichompa aliporudi kutoka kwa ndoa, na analima ile sehemu ya chini karibu na mto, ile uliyompimia. Watu wa kanisa wamempa mtu mwingine kiti chako pale mbele. Nilimwangalia vibaya yule mama wa watu ibada nzima, na hana kosa lolote.

Sasa nisikilize.

Njoroge alituita kuzungumza kuhusu shamba. Alikuja Baba Mkubwa, akaja mzee wa kanisa, wakaja majirani wawili. Njoroge hakuongea sana. Aliweka simu yake mezani, akaiunganisha na kile kispika chako cha kusikilizia mahubiri, akawasha video, na wewe ukaongea. Mama, miezi minne sijasikia sauti yako, halafu inanijia hivyo. "Hii feminism yenu mimi sitaki! Sitaki hata kuisikia kwangu!" Ukanyamaza hapo hapo. Watu wakacheka kidogo, kile kicheko cha kumkumbuka mtu. Njoroge akasema, "Si mmesikia wenyewe? Mathe hakuwa anataka hizi story za haki za wasichana. Sasa tuheshimu wish yake." Akatoa karatasi. Inasema kwamba mimi na Wambui tumeacha sehemu zetu kwa hiari yetu, shamba lote liandikwe jina lake. Tunatakiwa kutia saini Jumamosi hii inayokuja, mbele ya chifu.

Na unajua nani alikuwa anatikisa kichwa kukubali? Baba Mkubwa. Yule yule! Nilikuwa na miaka kumi alipoleta trekta kulima shamba letu, Baba akiwa hajamaliza hata mwezi kaburini, eti mwanamke hawezi kubaki na shamba la ukoo. Ulichukua kigoda chako cha jikoni na beseni la minji, njegere za bustanini, ukaenda ukakaa mbele ya trekta, katikati ya mtaro. Hukupiga kelele. Uliambua minji. Mimi nilikuletea chai mara mbili. Dereva alipiga honi mpaka akachoka, akazima injini, akashuka, akaanza kukusaidia kuambua, na Baba Mkubwa akaondoka kwa miguu. Baadaye hati ikatoka kwa jina lako, ukaifunga kwenye leso ukaiweka chini ya godoro. Huyo ndiye mwanamke ambaye Njoroge anatuambia hakutaka haki za wanawake.

Hapa kwetu mama huitwa kwa jina la mtoto, na wengi walikuita Mama Njoroge kwa sababu ndiye kijana wako wa pekee. Ulikuwa huitiki. Mtu angeita mara tatu pale sokoni nawe unachagua vitunguu kama hujasikia. Ulikuwa unawaambia, "Njoroge alinipata nikiwa mama tayari. Mimi ni Mama Nyambura." Nilikuwa naona aibu, nakuvuta sketi twende. Siku hizi nikikumbuka natamani kulia.

Lakini Wambui, Mama. Wambui ndiye ameniua. Niligeuka nikamtazama nikitegemea atainuka amrushie Njoroge kikombe, na unajua anaweza. Alikuwa anafuta macho kwa kitambaa cha meza. Akasema, "Kama ni Mama alisema, mimi nitasaini." Hivyo tu. Atasaini, atoke kwenye ile sehemu ya chini aliyoivunia kwenye mvua, aende wapi na watoto wale? Njoroge tayari ana mtu wa kukodisha shamba lote apande ngano. Sheria iko upande wetu, naijua, naifundisha. Lakini sheria haimshiki mkono mtu anayetia saini mwenyewe akidhani anamtii mama yake.

Nami nilinyamaza. Hapo ndipo hasira yangu inaponirudia mwenyewe, kwa hivyo wacha niseme sasa kabla karatasi haijaisha.

Ile video niliipiga mimi. Ile video niliikata mimi.

Unaikumbuka ile siku ya semina pale Nakuru, kwenye hoteli. Nilikualika kwa fahari. Kikundi chetu cha haki za wanawake kilikuwa kimeleta mgeni kutoka Nairobi, na mimi nilikuwa nimewaambia wote kwamba mama yangu ndiye yule wa trekta. Ulivaa ile nguo uliyoshonewa harusi ya Wambui, suti ya zambarau. Mgeni akaongea saa nzima kuhusu mwanamke wa kijijini asiyejua haki zake. Nilikuona ukihangaika kitini. Nikawasha simu nikidhani utasimama utoe ushuhuda, nikutumie kuwaonyesha. Ukasimama. Ukasema wanawake wa kijijini wameitwa wiki ya kupanda, ndiyo maana viti vimejaa watu wa mjini. Ukasema tunaitwa tuje tuseme kisha tunasemewa. Halafu, "Hii feminism yenu mimi sitaki! Sitaki hata kuisikia kwangu!" Nilitamani sakafu inimeze.

Hukuishia hapo. Ulivuta pumzi, ukamwendea yule msichana aliyekuwa akitugawia chai tangu asubuhi, ukamnyang'anya trei, ukamkalisha kwenye kiti chako. Ukasema, "Mpaka huyu akae ndio niisikie. Mimi wasichana wangu wawili nimewapimia shamba kwa hii miguu yangu, sawa na kijana. Sikungoja semina." Kisha ukagawa chai wewe mwenyewe, meza hadi meza, mpaka kwa yule mgeni, ukamwekea sukari bila kumuuliza.

Na mimi, msomi wako, nikakufuata pale nje penye magari nikakuambia, "Wewe ndiye adui wa wanawake." Ulitazama viatu vyako. Jioni hiyo, nikiwa bado na moto, nikaikata ile video pale ulipovuta pumzi, nikaituma kwenye kikundi cha familia na maneno haya: oneni mama yenu. Nikafuta iliyobaki ili nisikuone tena na hiyo trei. Kila mtu alicheka. Njoroge aliiweka kwenye simu yake.

Kwa hivyo nikimtukana Njoroge, na nimemtukana sana njia nzima kurudi Njoro, najitukana nami. Tumefanya kosa moja. Yeye alisikia ukiwakosoa feministi akafurahi, akasema basi huyu yuko upande wangu. Mimi nilisikia vivyo hivyo nikakasirika, nikasema basi huyu yuko upande wao. Hakuna kati yetu aliyengoja umalize kuongea. Miaka yote uliikosoa kamati ya kanisa, mabati, kwaya, urefu wa mahubiri, mpaka mchungaji akawa anakukwepa, na hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kusema Mama Nyambura hamwamini Mungu. Uliikosoa kwa sababu uliketi pale mbele kila Jumapili. Mbona kwa jambo hili moja tulikunyima akili?

Na usidhani nimekubaliana nawe kwa kila kitu kwa sababu umekufa. Ulisema wale wanawake wa kikundi changu wamekosa mabwana ndiyo maana wana kelele. Ulilisema mezani, mbele ya rafiki yangu, na lilikuwa neno baya, na sijakusamehe. Maneno kama hayo ndiyo Njoroge anayaokota. Na mimi bado ni feministi, Mama. Kikundi changu ndicho kilichomtafutia Wambui wakili alipotoroka kipigo kule kwa mumewe, na wewe ulimlisha wakili huyo kuku mzima bila kumuuliza ni wa kikundi gani. Ungekuwa hapa tungegombana hadi chai ipoe. Natamani sana tugombane. Hakuna mtu anayejua kugombana nami sasa, wote wananinyenyekea eti nimefiwa.

Jana nilikwenda pale hotelini. Yule msichana wa chai bado yuko, anaitwa Chebet, sasa ndiye anayesimamia jikoni. Nilianza kumweleza nikaona anacheka kabla sijamaliza. Akasema, "Si ni ule mathe alininyang'anya trei? Siwezi sahau huyo. Hakuna mtu mwingine amewahi kuniambia nikae." Anakumbuka maneno yako yote, mpaka ile ya miguu. Amekubali kuja Mau Narok Jumamosi, ameomba ruhusa.

Lakini Chebet si wa kunifichia aibu. Naweza kumleta, aongee, watu waseme kumbe, na mimi nikae kimya kama mtu asiyejua nani aliikata. Nimelifikiria hilo, sikudanganyi. Nimelifikiria tangu jana. Wambui ananiamini kuliko mtu yeyote aliyebaki. Ananiita "Mwalimu" hata kwenye simu. Nikimwambia ni mimi niliyemfanya alie juu ya kitambaa cha meza, sijui atanitazama vipi. Afadhali anichukie akiwa kwenye shamba lake.

Basi ahadi yangu ni hii. Kesho baada ya vipindi nakwenda kwa Wambui, kabla ya mtu mwingine yeyote, namwambia uso kwa uso. Jumamosi nitasema tena mbele ya Njoroge, Baba Mkubwa na chifu, kwamba ni mimi niliyekukata ulimi, na yale uliyoyasema baada ya kuvuta pumzi. Halafu nitatoa kile kigoda chako jikoni, nikiweke katikati ya sebule, nikae na beseni langu. Karatasi yao waikunje tu. Minji iko tayari bustanini, Wambui aliniambia.

Lala, Mama. Nisamehe kwa lile neno la pale penye magari, ulilolijibu kwa kutazama viatu vyako. Na Jumamosi, kama nitafika nikaona nyuso zao nikanyamaza tena, wana ruhusa yangu kukuita Mama Njoroge.

Mwanao wa kwanza,
Nyambura