Mashine ya Kisima Chetu

Kaka Laurian,

Shikamoo. Huku mtama umenyauka, na mke wa Eliya amejifungua mapacha.

Wewe, diwani wetu, ulituambia mashine ya kisima imepelekwa Singida mjini kutengenezwa. Wiki iliyopita Mama alikwenda kuchimba maji mtoni, shimo la mchanga likamporomokea. Tulimfukua akiwa hai, ila mguu umevunjika. Juzi nilikwenda gulioni Ikungi, nikaikuta mashine yetu inamwagilia vitunguu vyako. Jana tulirudi wanawake kumi, tukaing'oa.

Mlinzi wako akauliza, "Nimwambieje mheshimiwa?"

"Mwambie ni dada yake," nikamjibu.

Leo maji yanatoka. Mama ameyanywa, akasema, "Laurian asikanyage hapa mpaka nimwite."

Hajakuita.

Mdogo wako,
Anastasia