Herufi Kubwa za Agnela

Elerai, Jumatano

Shemeji Agnela,

Nimekukosea, na nalisema hilo kabla ya salamu. Yale makosa kwenye matangazo ya usharika, mpaka jina la marehemu likaingia kwenye orodha ya ubatizo, chanzo ni mimi.

Wewe uliiweka kompyuta ya ofisi herufi kubwa, nyeupe juu ya nyeusi, ili uone unapoandika matangazo. Mimi nikija mchana kupanga zamu za kwaya, nairudisha kwenye herufi za kawaida na kuiacha hivyo. Siku ya kwanza sikujua. Siku ya pili uliniambia, "Shemeji, hayo ni macho yangu, niachie." Nikacheka, nikaendelea. Wazee walipokuondoa kwenye kazi hiyo wakisema huoni tena, nilikuwepo kikaoni, nikanyamaza.

Dada yako mzima, migomba imezaa vizuri. Anauliza mbona huji.

Jana fundi wa kompyuta amenionyesha kwamba kila mtu anaweza kuingia kwa jina lake akakuta herufi alizojipangia. Lako tayari nimeliweka.

Jumapili hii matangazo nasoma mimi. La kwanza litakuwa kosa langu, mbele ya usharika mzima, na hapohapo nitawaomba wazee wakurudishe. Nimeshaliandika, kwa herufi zako.

Shemeji yako,
Abdiel