Niliipitisha Tovuti kwa Kuikariri, Sasa Mwenzangu Aonekana Mjinga

Mpendwa Bi Kache, salamu nyingi zikufikie hapo gazetini, mimi ni msomaji wako wa kusomewa, kila Jumanne mke wa kaka yangu hunisomea ukurasa wako kabla hata hajateleka chai, na leo nimeona afadhali nikuandikie kwa mikono yangu mwenyewe, kwa sababu jambo nililo nalo nikimwambia mtu wa nyumbani litajulikana Kibokoni nzima kabla ya alasiri.

Mimi sioni tangu nilipougua surua nikiwa na miaka mitatu, sasa nina thelathini na minne, na sisemi haya ili unihurumie, Bi Kache, maana mimi ni mtu wa kujivuna na sifichi, miaka kumi na mmoja nimepokea simu katika ofisi moja ya mizigo kule Mbaraki, nambari mia tatu na zaidi nimezihifadhi kichwani, wakubwa wakitaka nambari hawafungui kitabu, huniuliza mimi, na mamangu akienda harusini hakosi kusema, "Mwanangu awashinda wenye macho," nami nikiyasikia hayo hukaa wima kitini.

Basi mwaka jana chama chetu cha wasomaji wa breli, chenye maktaba ndogo huku Mji wa Kale, kililetewa kompyuta inayosoma kwa sauti pamoja na kifaa cha breli, ni kama ubao mwembamba unaowekwa mbele ya kibodi, una vijipini vinavyopanda na kushuka ili maneno yaliyo kwenye kioo uyapapase kwa vidole mstari baada ya mstari, na siku ya kwanza niliposoma jina langu pale nililia mbele za watu wala sikuona haya. Kamati ikaamua tuwe na tovuti yetu, ili asiyeona aliye Voi au Malindi atafute vitabu vya breli na kuviagiza kwa posta bila kumwomba mtu amsomee, na Abdulghafur, mtoto wa mama yangu mdogo, akajitolea kuzitengeneza hizo kurasa bila malipo, na mimi nikateuliwa kuzikagua, yaani nikae na kile kifaa na ile sauti nijaribu kila kitu, kisha nitie sahihi kwamba asiyeona anaweza kuitumia tovuti peke yake. Hebu fikiri, Bi Kache, watu wote hawa wasomi, na sahihi wanayoingojea ni yangu.

Kurasa zilipokuwa tayari nikakuta vitufe vyake vyote ni picha, na Abdulghafur hakuandika maneno yoyote nyuma ya hizo picha, kwa hiyo mwenye macho huona kitabu kizuri kimechorwa, na mimi chini ya vidole napata majina ya faili tu, p05.gif, p06.gif, p07.gif, na ile sauti ya Kizungu inazitamka hivyo hivyo kwa heshima zote kana kwamba ni majina ya watu. Nafasi za kujaza nazo hazikusema hapa jina, hapa sanduku la posta, kila moja ni andika, andika, andika. Nikaijaribu kila picha nione inanipeleka wapi, nikakariri, nikajua ukigonga Tab, kile kitufe cha kibodi cha kurukia mbele, mara tisa ndiyo orodha ya vitabu, mara kumi na nne ndiyo kuagiza, nafasi ya kwanza ni kitabu, ya pili sanduku la posta, ya tatu ndiyo jina lako, na siku ya pili jioni nikawa naagiza kitabu kwa dakika moja na nusu. Abdulghafur alisimama nyuma yangu akasema, "Dada, hata mimi n'loitengeneza siendi mbio hivi," maktaba nzima ikapiga makofi, nikatia sahihi, na moyoni kulikuwa na kitu kinanikwaruza lakini makofi yalikuwa matamu.

Mwezi uliopita akaja Gunga kutoka Mariakani, naye haoni, amefundisha watoto kusoma breli miaka mingi na kwa kweli anaisoma upesi kunishinda, kamati ilitaka kumpa kompyuta ya pili afungue kituo cha kuagizia vitabu huko kwao. Akakalishwa mbele yetu ajaribu tovuti. Alipapasa, akarudi nyuma, akapapasa tena, akaandika jina lake mahali pa sanduku la posta, mashine ikamkatalia mara nne, na mimi nimekaa kiti cha pili najua kabisa kwamba jina ni nafasi ya tatu, nikanyamaza. Katibu wetu, Bwana Benard, akamwambia kwa upole, "Usijali, mwalimu, ila dada yetu hapa aliiweza kwa siku mbili." Tulipotoka Gunga alinishika mkono akasema, "Dada, huenda vyombo hivi vinataka vichwa kama chako, changu kimechakaa."

Jumamosi ya tarehe ishirini na saba kamati itakutana, nasikia kituo cha Mariakani watakipeleka kwa mtu mwenye macho awe anawasomea wengine, na mimi siku hiyo hiyo nitapewa cheti cha pongezi. Nikisema ukweli nitamwaibisha Abdulghafur aliyefanya kazi yote bure, na watu watasema kipofu alipewa madaraka akadanganya, hawatampa mwengine tena, na nikinyamaza Gunga atarudi kwao akijiona mjinga maisha yake yote. Nifanye nini, Bi Kache? Tafadhali jina langu lisitokee.

Ni mimi,
Vidole Kumi, Kibokoni

BI KACHE ANAJIBU:

Vidole Kumi, nakupa pole na nakupa hongera, zote mbili ni haki yako. Barua yako imefika imechapwa safi, sikuona kosa hata moja, na mhariri wangu mwenye macho mawili na miwani juu yake hajawahi kuniletea karatasi kama hiyo. Mwanamke aliyeingia ndani ya tovuti isiyokuwa na jina hata kwenye kitufe kimoja, akatoka na kitabu mkononi kwa dakika moja na nusu, ana kila sababu ya kukaa wima kitini. Endelea kukaa hivyo. Sina ugomvi na kujivuna kwako.

Ugomvi wangu ni na sahihi yako. Uliulizwa kama asiyeona anaweza kuitumia tovuti peke yake, wewe ukajibu kwamba wewe unaweza. Hilo hakuna aliyekuuliza, walikuwa wanalijua tangu siku walipokuteua. Kazi uliyopewa ilikuwa kujikwaa kabla ya wengine na kusema umejikwaa wapi. Ulijikwaa, ukainuka haraka, ukajipangusa vumbi, ukawaambia watu njia ni nyeupe. Kisha ukamsikiliza mwalimu wa watu akianguka hapo hapo mara nne, na ukamwacha akilaumu kichwa chake. Hapo umenikasirisha, mwanangu, na nakwambia waziwazi.

Unasema unaogopa kumwaibisha Abdulghafur. Mimi nimemuuliza kijana anayetutengenezea kompyuta hapa gazetini, akaniambia kuandika maneno nyuma ya picha na kando ya kila nafasi ya kujaza ni kazi ya alasiri moja. Alasiri moja, Vidole Kumi. Kwa sababu ya alasiri hiyo Gunga yuko karibu kunyang'anywa kituo. Na huyo ndugu yako alikutegemea wewe umwambie asichoweza kukiona yeye kwa macho yake. Makofi yale yalikuwa ya kukupongeza wewe, lakini yeye alibaki na kazi mbovu asijue ni mbovu. Mtu aliyefanya kazi bure hastahili kufichwa hivyo.

Kuhusu watu kusema kipofu alidanganya: wenye macho wanatia sahihi za uongo kila siku mjini hapa, na hakuna anayefunga ofisi za wenye macho. Ukikosea na ukarekebisha mwenyewe kabla hujakamatwa, watakuwa na mkaguzi wa kuaminika zaidi kuliko waliyekuwa naye.

Sasa kuhusu jina lako. Nimelificha kama ulivyotaka, na ya wenzako nimeyabadilisha. Lakini hebu tusidanganyane, ni nani mwingine Mombasa hii anayekagua tovuti kwa vidole? Gazeti linatoka Jumanne asubuhi, na katibu wenu lazima ni mtu wa kusoma magazeti. Basi huna siku nyingi za kufikiri, una saa chache, na mimi nafurahi iwe hivyo.

Mke wa kaka yako akimaliza kusoma sentensi hii, nenda kwenye simu. Anza na Gunga, kabla ya mtu mwingine yeyote, nambari yake najua unayo kichwani. Mwambie alifeli kwa sababu tovuti ni mbovu, kwamba wewe ulikuwa ukihesabu, na kwamba ulikaa karibu naye ukanyamaza. Usiizungushe. Akikasirika, msikilize mpaka amalize. Kisha mwite Abdulghafur, mkae naye na kile kifaa, umshike kidole chake ukiweke juu ya p05.gif na umuulize hicho ni kitu gani. Ataelewa upesi, na ana Jumatano, Alhamisi na Ijumaa za kurekebisha. Kwa Bwana Benard andika barua fupi ya kuifuta sahihi yako. Cheti kikiletwa Jumamosi, toa shukrani na ukirudishe mezani, kitakungojea.

Halafu omba jambo moja tu mkutanoni, Gunga akalishwe tena. Wewe kaa kwenye kile kiti cha pili, mikono yako uiweke mapajani, na safari hii kunyamaza kwako kutakuwa kazi. Akipotea usimnong'oneze, andika amepotea wapi, hiyo ndiyo ripoti utakayoitia sahihi. Na akifika kwenye orodha, akachagua kitabu, akaandika jina lake mahali pa jina, basi nyamaza pia, umwache mwenyewe awaambie kamati kwamba ameweza.