Oda Hazirudiwi Tena, Mama Happy

Shikamoo, Mama Happy.

Marahaba yako nilizoea kuiona kuliko kuisikia. Uliinua uso ndipo ukaitikia, hata kama mikono yako ilikuwa imezama kwenye katoni la zipu.

Tangu walipokusafirisha kwenda kuzikwa Rombo, meza yako dukani imejaa maboksi ya vifungo. Hakuna anayekaa pale. Bosi Jayesh akipita huigusa kidogo, kisha anaendelea na shughuli zake. Anakukumbuka, sisemi uongo. Lakini msiba ulipoisha tu alitukusanya akasema, "Jamani, yale mambo ya Mama Happy ya kurudia kila oda sasa tuyaache. Tunachelewesha wateja." Hamisi wa stoo akakuigiza palepale, mkono kiunoni: "Zipu nyeusi, inchi nane, dazani kumi! Nimeeleweka au nije na ngoma?" Alikuigiza vizuri mpaka nikacheka na mimi. Halafu nikaenda kujifungia chooni.

Hawakujua. Siku zote walidhani ni ukali wako tu. Hawakujua kwamba mteja wa Singida akipiga simu, ulirudia maneno yake taratibu ukiwa umenigeukia mimi, ili nikusome midomo na kuandika. Sikio langu la kushoto lilizima nikiwa chuoni, na la kulia linalifuata. Wewe ulinigundua wiki ileile niliyoanza kazi. Hukuniuliza. Jumamosi ulinichukua Feri kununua samaki, na katikati ya zile kelele ukanishika bega, ukanigeuza, ndipo ukasema, "Usiwaonyeshe, mwanangu. Leo watakuonea huruma, kesho watatafuta mwingine."

Niliyashika hayo maneno, Mama Happy. Labda niliyashika kupita kiasi.

Sasa simu ikiita najifanya natafuta kitu chini ya kaunta mpaka mwingine aipokee. Wakati mwingine hakuna mwingine. Mzigo wa Singida umesharudishwa kwa kosa langu, na bosi aliniangalia kwa namna ambayo hajawahi kuniangalia. Ndipo mdogo wangu akaniambia alichosikia redioni, kwamba serikali inawasaidia wafanyakazi wenye ulemavu kupata vifaa vya kazini. Neno ulemavu lilinichoma. Sikuwahi kujiita hivyo. Lakini nilikwenda, nikachukua fomu, nikaomba kifaa cha sikioni na simu inayoandika maneno ya anayepiga.

Fomu ilitaka mhuri wa mwajiri. Niliibeba kwenye mkoba mpaka kona zake zikachakaa. Siku niliyomkabidhi bosi, niliinyoosha kona kwanza kwa kiganja. Aliisoma yote, akavua miwani. "Kumbe? Mbona hukuwahi kusema?" Akagonga mhuri. Nilitoka nikiwa mwepesi, nikatamani nivuke viwanja vya Mnazi Mmoja mbio nije nyumbani kwako kukuambia. Nilifika karibu na geti lako ndipo nikakumbuka.

Baadaye akaja afisa wa serikali kuhakikisha kama kweli nahitaji vile vifaa. Kijana, mpole, ndevu amenyoa zote. Bosi alimpokea kwa soda na kunisifia kwa moyo wake wote: "Afisa, huyu binti hana tatizo kabisa. Ni karani wangu bora." Hamisi naye akadakia kutoka stoo, "Huyo anasikia hata ambacho hujasema!" Wakacheka wote. Walikuwa wananitetea, Mama Happy. Walidhani amekuja kuamua kama nafaa kazi.

Afisa akasimama mbele yangu, mwanga wa mlangoni ukimpiga usoni, akaniuliza kwa sauti ambayo najua ilikuwa ndogo, maana koo lake halikucheza. Unaitwa nani. Unaishi wapi. Ulisomea nini. Nilijua ananipima. Nilijua kabisa. Ningeweza kusema sisikii. Lakini bosi alikuwa nyuma yake anatabasamu, na wewe ulikuwa umenishika bega. Nikamsoma midomo, nikajibu yote, moja baada ya jingine, kama mwanafunzi anayetafuta maksi.

Barua ilisema namudu kazi yangu bila msaada. Nikiona hali imebadilika, naweza kuomba upya.

Bosi alisikitika kweli. Jumatatu iliyofuata akaleta binti mmoja, Salome, ametoka shule juzi tu. "Nimekuletea wa kukusaidia simu. Mfundishe kila kitu." Kila kitu. Ni binti mzuri, ananiita dada, na anasikia mpaka simu inayotetemeka ndani ya mkoba. Anashika haraka. Akishazijua rangi zote za zipu kwa namba zake, sijui mimi nitakuwa nabaki pale kwa kazi gani. Nafikiri bosi naye hajui, na bado hajapata namna ya kuniambia.

Nilimwambia Salome hapa oda inarudiwa kwa sauti kabla ya kuandikwa. Akauliza, "Sheria ya bosi?" Nikamjibu, "Ya Mama Happy." Basi anarudia, maskini, kila oda. Ila anarudia akiwa ameinamia simu, na midomo yake siioni. Sijathubutu kumwambia ageuke.

Nitaomba tena. Sina matumaini makubwa, nakwambia ukweli, na huenda Salome akawa ameshazijua zipu zote kabla afisa hajaja. Lakini nimeanza kujizoeza nyumbani. Mdogo wangu ananiuliza maswali, mimi naangalia sakafu nisimsome midomo. Sijawahi kufanya hivyo maishani. Nilidhani zimebaki sauti chache sikioni, kumbe karibu zote zilikuwa zinaingia kwa macho. Natazama sakafu na yeye anatoweka, hata nikijua yuko hapo hapo. Mara ya kwanza niliogopa nikamshika mguu.

Uliniambia nisiwaonyeshe, na kwa muda wote uliokuwepo ulikuwa sahihi. Sasa hupo. Kwa hiyo nakuahidi kitu ambacho hukunifundisha: afisa akija, hata bosi akiwa amesimama pale na tabasamu lake, nitaangalia sakafu, na nitaacha swali lipite bila kulijibu.

Pumzika, Mama Happy. Nikivuka Mnazi Mmoja jioni bado natembea upande wa kushoto, ule wa kulia, wa sikio lililobaki, nakuachia.

Wako,
Zuhura