Baba, Mtutu Ule Haukuwa Mzima

Baba yangu,

Nakuandikia nikiwa na aibu, na bora niitaje sasa hivi kabla sijajificha nyuma ya salamu.

Unakumbuka kibaraza chetu cha Kisugu? Watu walikuletea shotigani kuukuu uzikague kabla hawajazinunua, kwa kuwa ulizitengeneza jeshini miaka yote. Mimi nilishika karatasi nyeupe upande wa pili wa mitutu, wewe ukichungulia ndani kutafuta kutu. Kisha uliining'iniza mitutu kwenye kidole, ukaigonga kwa ukucha. Ikilia kama kengele, ulitabasamu. Ikitoa sauti butu, uliirudisha bila kujali ni ya nani. Hata baba mdogo, ndugu yako wa tumbo moja, ulimwambia mbele ya mnunuzi, "Hii usiuze. Itakula mutu mukono." Idd mbili hakukanyaga kwetu, na wewe ulikula pilau yako vizuri tu.

Tangu tukuzike, wananiita mimi. Juzi aliniita Mutiso, yule Mkenya mwenye ghala la mahindi Namuwongo. Alitaka kununua shotigani moja ya zamani ya mitutu miwili, kitako chake kimenakshiwa hadi raha. Kufika, namkuta muuzaji ni baba mkwe wangu. Amekaa kitini, kanzu imepigwa pasi, ananiita mwanangu.

Adabu zetu unazijua. Mkwe humpingi mbele ya watu, hata kumtazama usoni unajipimia. Nikaigonga mitutu. Ilikuwa butu, Baba. Lehemu inayoishikanisha ilikuwa imeachia. Nikaigonga tena, taratibu zaidi, ili mtu mwingine asisikie.

"Iko sawa?" Mutiso akauliza.

"Iko sawa."

"Mtoto wa Effendi akisema, mimi sina neno."

Jina lako hilo la jeshini ndilo lililomtuliza, nami nikaliacha lifanye kazi hiyo. Siku tatu zikapita. Kila nikifumba macho nauona mkono wa Mutiso umeliwa. Bahati yangu polisi walikuwa hawajampa kibali, kwa hiyo bunduki hakuwa ameichukua. Siku ya nne nilienda ghalani nikamwambia yote. Sasa baba mkwe haniongeleshi, na mke wangu ananiwekea chai na kuondoka. Hayo nitayabeba, nimeyataka mwenyewe.

Mutiso hakunifokea. Afadhali angefoka. Alisimama kati ya magunia, akaniuliza polepole:

"Na ile bunduki ya ndugu yangu, ile baba yako alituangalilia? Mwenye kuuza pia alikuwa mtu wenu?"

Niliapa, Baba. Niliapa kwa Mungu kwamba wewe hukuwahi kusema uongo juu ya bunduki, si kwa ndugu, si kwa mkubwa. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akatoa simu, akampigia ndugu yake, akamwambia asiiguse.

Nisamehe.

Mwanao wa mwisho