Kisu cha Baba na Daftari Lililobaki Kiptere

Jumanne. Mvua ya mawe tangu saa nane, majani ya chai yametobokatoboka, na mimi karani wa mizani ya chai sina cha kupima.

Daftari langu nililipoteza Jumapili, nyumbani kwa baba mdogo, Kiptere. Kurasa tisini na sita, hadithi yangu ya kwanza, na sina nakala.

Chanzo chake ni mwalimu wetu wa hesabu, mama mmoja kutoka Finland aliyerudi kwao mwaka uliofuata Uhuru. Mvua ikipiga mabati hata asisikike, aliacha hesabu, akatukusanya karibu, akatusimulia hadithi za kale za kwao. Moja haijaniacha, miaka sita sasa. Yatima anateswa na baba yake mdogo. Anachunga ng'ombe wa watu, anafichiwa jiwe ndani ya mkate. Akiukata, kisu kinavunjika, na ndicho kitu pekee alichoachiwa na baba yake. Mwishowe anauuliza upanga wake kama uko tayari kumuua, nao unamjibu wazi.

Mkate nikaufanya ugali baridi. Theluji ikawa ukungu. Baba mdogo nikamwacha vilevile.

Hapo ndipo nilipokosea. Baada ya kanisa, binti yake Chebet aliwasomea watu wote daftari langu pale nyumbani kwao, wakicheka, mpaka akafika kwenye jiwe. Baba mdogo akasimama.

"Wewe karani wa mizani, si unajua sana kuandika? Mimi nilikulisha jiwe siku gani? Taja tarehe!"

Nikamwambia hiyo ni hadithi ya Wazungu. Akachukua daftari, akaingia nalo jikoni. Tangu hapo anasema hajui liko wapi.

Lakini na mimi sikusema kweli yote. Kisu cha marehemu baba kilivunjika kweli, mkononi mwa baba mdogo, aking'oa jiwe kwenye kwato ya ng'ombe. Hakusema pole. Nilikuwa na miaka tisa, na sijawahi kumwambia kwamba iliniuma.

Leo nimepiga hesabu. Alinilisha miaka kumi na moja, mara mbili kwa siku. Milo elfu nane na thelathini.

Katika kurasa tisini na sita sikuandika hata mmoja.

Hata hivyo, daftari ni langu. Kesho nampelekea Chebet barua amsomee baba yake: Baba mdogo, Jumamosi saa sita, nikifunga mizani, nakuja. Milo yako nitaishukuru mbele ya wote, na kisu nitakitaja. Lakini kwanza unijibu kama ule upanga. Daftari uliliweka motoni, au unalo? Neno moja tu.